Boga Lililoumwa Sikio

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuanika nguo kama sisi, aliishi mtoto wa tembo, jina lake Tunu. Masikio yake mapana kama nyungo, lakini la kushoto lilikuwa likitoka usaha.

"Tunuuu! Uji!" mama yake aliita. Kimya.

Mtoto asiyegeukia uji, wanangu, huyo mgonjwa.

"Asije akawa kiziwi mwanangu!" Mama Tunu akalia, akamwita mganga Fisi. Fisi akaja na njuga zake, chakacha, chakacha! Akabandika mdomo sikioni, fyooo! Akatema funza.

"Mdudu ndiye huyu! Wamebaki sita. Kila mmoja kuku wake."

"Sita! Yarabi!" Mama Tunu akakimbilia bandani.

Jirani yao Sange, mdogo kama panya, alimwita Mama Tunu shangazi kwa sababu wote wana pua ndefu, basi. Yeye aliona shavu la Fisi limetuna hata kabla hajafyonza.

"Mganga," akasema, "bibi yangu naye sikio linamuua. Twende, ila ana haya, hataki kufunuliwa."

Kitandani kwa Sange palikuwa na mtu amejifunika kanga gubigubi.

"Pole, bibi," akasema Fisi. Kimya. "Lo, hasikii kabisa!" Akapenyeza mdomo chini ya kanga, fyooo! Ptu! Funza. "Huyu anao kumi na wawili!"

"Shangazi!" Sange akaita. "Njoo umsalimie bibi!"

Mama Tunu akaja, kuku kamning'iniza mkongani. Sange akavuta kanga. Boga!

"Fisi," akauliza Mama Tunu taratibu, "boga sikio lake liko upande gani?"

Fisi hakukaa kulionyesha. Alitimka, njuga zikabaki mlangoni.

Siku hiyo hiyo Tunu akapelekwa zahanati. Muuguzi Bundi akamulika sikio.

"Alikuwa na mafua?"

"Wiki nzima."

"Basi ugonjwa umetoka puani, ukapita kwa ndani mpaka sikioni. Mpe dawa hii mpaka iishe, hata akipona mapema. Usaha ufute kwa nje, kwa kitambaa safi. Maji yasiingie, wala mafuta, wala kijiti. Na asikae kwenye moshi wa jiko."

"Na unyoya wa kuku?"

"Mama Tunu!"

"Nimeuliza tu, mwenzangu."

Dawa ilipoisha, Mama Tunu alinong'ona jikoni, "Uji." Ti! ti! ti! Tunu huyo, nusura ang'oe mlango. Sange naye akaingia na bibi yake, kapikwa kwa nazi.

Anayeona mdudu hata ndani ya boga, wanangu, msimpe sikio la mtoto.