Korongo la Ng'ambo

Hapo zamani za kale, mito ilipokuwa bado haijawekewa milango, palikuwa na mto uliokuwa mpaka wa nchi mbili. Upande wa machweo alitawala Tembo. Upande wa mawio alitawala Kifaru. Kila mmoja aliuita upande wa mwenzake ng'ambo. Lishikeni neno hilo, wanangu.

Mahali fulani mto ule ulibanwa katikati ya majabali mawili, na mahali hapo paliitwa Korongo. Wakazi wake walikuwa pimbi, wanyama wadogo wasiofika hata kwenye goti la Tembo. Walikaa kwenye mapango ya majabali yote mawili, na walivuka mto kwa kurukaruka juu ya mawe bila kumwomba mtu ruhusa. Shangazi alikaa jabali hili, mpwa alikaa jabali lile, na mboga ilipikwa chungu kimoja. Kwao hapakuwa na ng'ambo.

Majabali hayachimbiki. Kwa hiyo pimbi waliwazika wafu wao chini kingoni, palipokuwa na udongo laini.

Miongoni mwao alikuwepo Pimbi mmoja aliyefiwa na mkewe, aliyeitwa Sikujua, mwishoni mwa kiangazi. Jioni mke yule alikuwa akipepeta mtama na kuwatania majirani. Alfajiri hakuamka. Tangu hapo, kila asubuhi Pimbi alishuka kingoni, akafagia kaburi, akakaa kidogo, kisha akapanda kwenda kazini. Hakulia mbele za watu. Aliyelia kwa niaba ya wote wawili alikuwa mama mkwe wake, na mama huyo alikuwa na ulimi.

"Mkwe wangu, leo umeacha jani hapa miguuni."

"Nimeliona, mama."

"Umeliona ukaliacha? Alivyokuwa msafi yule! Atasema nimemwoza kwa mvivu."

Pimbi akainama, akaliokota lile jani.

Basi, Tembo na Kifaru, ambao walikuwa hawajasalimiana miaka mingi, wakakutana na kukubaliana jambo moja.

"Tukiufunga mto pale Korongoni," alisema Tembo, "maji yatajaa."

"Yakijaa yatazungusha mitambo," alisema Kifaru.

"Mitambo itatoa umeme!"

"Na umeme utawasha taa, kwako na kwangu!"

Wakakumbatiana mpaka vumbi likatimka.

Kazi ikaanza. Ko! Ko! Ko! mchana kutwa. Ukuta ukainuka, mguu wake mmoja ukikanyaga jabali hili na mguu mwingine ukikanyaga jabali lile, na katikati yakawekwa malango ya chuma. Pimbi waliutazama ukikua, halafu wakatazama kule makaburi yalipo. Wakamtuma Pimbi akaseme.

Akapanda kwa Tembo.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Karibu. Nani anapiga hodi? Mbona simwoni mtu?"

"Niko chini, mheshimiwa. Karibu na ukucha wako."

"Aa! Kumbe upo. Sema upesi, uji wangu unapoa."

"Mheshimiwa, maji yakijaa yatafunika nyumba zetu na makaburi yetu. Tunaomba mahali pa juu pa kuhamia, na watu wenye nguvu watusaidie kuwahamisha marehemu wetu."

Tembo akapiga masikio, pwa! pwa!

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa Korongoni."

"Basi umekosea mlango. Watu wa Korongoni ni watu wa ng'ambo. Nenda kwa Kifaru."

Pimbi akavuka. Akamkuta Kifaru amekaa barazani akinoa pembe yake, kwaru, kwaru.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Lafudhi hiyo ni ya ng'ambo."

"Ng'ambo wamesema mimi ni wa huku."

"Pfff! Ni desturi yao kunitupia mizigo. Sikiliza, mzee. Ningewapa viwanja, roho yangu si mbaya. Lakini nikiwapa watu wa ng'ambo viwanja, watu wangu watanielewaje? Nenda salama."

Pimbi akarudi Korongoni. Mama mkwe alikuwa amekaa kaburini akimsubiri.

"Wamesemaje?"

"Wamesema sisi ni watu wa ng'ambo."

"Ng'ambo ya nani?"

"Ya kila mmoja wao."

Mama mkwe akacheka hadi akakohoa. "Haya! Mimi sijawahi kutoka nyumbani, na leo nimekuwa mgeni wa nchi mbili."

Kisha akaacha kucheka, akaushika udongo wa kaburi kwa vidole.

Mvua zikaanza. Malango yakafungwa ndi! na hakuna aliyewapa pimbi taarifa. Maji yaliyozoea kupita yakasimama, yakaanza kupanda. Pimbi akashuka mbio na jembe ili amtoe mkewe, lakini udongo ulikuwa umeshalowa. Kila alipochimba, shimo lilijifukia lenyewe. Alichimba mpaka maji yakamfika kifuani.

"Acha, mwanangu," alisema mama mkwe, aliyekuwa bado amekaa palepale. "Wewe nenda kawapandishe wengine."

"Twende sote, mama."

"Nilimzaa mwenyewe. Siwezi kumwacha azame peke yake."

Pimbi hakubishana naye. Alimbeba mgongoni, akampandisha hadi kwenye pango la juu, akamketisha, akashuka kuwachukua wagonjwa na wazazi wenye watoto wachanga. Aliporudi, pango lilikuwa tupu. Alikimbilia ukingo wa jabali, akaita, "Mama! Mama!" Maji yalikuwa yametulia kabisa, hata mti uliokuwa karibu na makaburi haukuonekana.

Pimbi alikaa juu ya jabali siku nzima. Wenzake walidhani anautazama mto. Hakuwa anautazama mto. Alikuwa anautazama ukuta, pale unapokanyaga.

Sasa, wanangu, mto ule ulikuwa na desturi yake. Neno lililosemwa nchi kavu liliweza kugeuzwa kesho. Lakini neno aliloapa mtu akiwa amesimama majini halikurudi nyuma. Shahidi wake alikuwa Mamba mzee, na aliyevunja kiapo hakuruhusiwa tena kunywa maji ya mto ule, yeye wala watu wake. Hata Tembo, pamoja na ukubwa wake, aliliogopa jambo hilo. Mkonga ni mrefu, lakini lazima ushuke majini.

Pimbi akaenda tena kwa Tembo.

"Wewe tena!"

"Sikuja kuomba, mheshimiwa. Nimekuja kukuonya. Siku ya kuwasha taa, Kifaru ataingia majini aape kwamba sisi ni watu wa ng'ambo. Akiwahi kuapa yeye, ng'ambo itakuwa ni hapa kwako. Tutahamia kwako sote, wazee, wagonjwa na misiba yetu."

Tembo akasimama ghafla, uji ukamwagika. "Mjanja yule! Nifanyeje?"

"Mtangulie."

"Nitamtangulia! Niseme nini?"

"Mimi mdogo sijui sheria. Ila ukiwakana watu peke yao, atasema watu ni wake lakini mawe wanayokalia ni yako, kwa hiyo wewe ndiye uwahamishe. Afadhali ukane vyote. Useme: Korongo, mawe yake na wote wanaokaa humo si vyangu, ni vya ng'ambo."

"Mawe? Nchi yangu imejaa mawe. Nayakana hata sasa hivi!" Kisha akainamisha kichwa, akamtazama Pimbi kwa jicho moja. "Na wewe unanisaidia kwa nini?"

"Nasikia viwanja vya ng'ambo vina kivuli zaidi."

Tembo akacheka, ha! ha! ha! mpaka vikombe vikagongana kabatini. "Mdogo, lakini mroho!"

Pimbi akavuka. Akamwambia Kifaru maneno yaleyale, jina tu ndilo alilobadilisha. Kifaru naye akaapa kwamba atawahi.

Mmeshaliona kosa lao? Wao hawakuliona. Walikuwa wanafikiria taa.

Siku ikafika. Watu wa nchi zote mbili walijipanga kandokando ya bwawa, ngoma zikilia ndu! ndu! ndu! Jua lilipokaribia kuzama, mitambo ikawashwa. Vuuuu! Taa zikawaka, pwaa! upande huu na upande ule.

"Eeee!" umati ukapiga kelele.

Tembo akamwona Kifaru akiukaribia ukingo. Kifaru akamwona Tembo akipandisha kanzu. Kila mmoja akadhani amechelewa. Wakatimua mbio, kila mtu kwake, chubwi! chubwi! wakaingia majini kwa wakati mmoja na kupayuka kwa sauti moja:

"Korongo, mawe yake na wote wanaokaa humo si vyangu, ni vya ng'ambo!"

Umati ukapiga vigelegele. "Wamesema neno moja! Wakubwa wanapatana!"

Maji yakapasuka katikati. Mamba mzee akatoa kichwa.

"Nimesikia viapo viwili," alisema. "Tembo, Korongo ni lako?"

"Si langu!"

"Kifaru, ni lako?"

"Abadani! Ni la ng'ambo!"

Mamba akageuka kulia, akageuka kushoto, taratibu. "Tembo, ng'ambo yako ni huyu, naye amelikataa. Kifaru, ng'ambo yako ni yule, naye amelikataa. Kwa hiyo halina mwenyewe ila wanaokaa humo. Wako wapi?"

"Tuko hapa," alijibu Pimbi. Alikuwa amesimama juu ya ukuta, na wenzake nyuma yake.

"Na ukuta huo umekanyaga mawe ya nani?"

Ngoma zilinyamaza. Ulisikika mlio wa mitambo tu, vuuuu.

Tembo ndiye aliyezinduka kwanza. "Aa, Pimbi! Pimbi ndugu yangu! Ule ulikuwa utani. Wewe ni mtu wangu tangu asili!"

"Mwongo!" alifoka Kifaru. "Ni wangu! Hata lafudhi yake ni ya kwetu! Shemeji, njoo nikupe kiwanja mlimani leo hii!"

"Mimi nitampa viwili!"

Mamba akafungua kinywa, wakaona meno yote. "Mmeapa," alisema.

Wakarudi nyuma hatua moja. Kisha Tembo akasema kwa sauti ya chini, na safari hii hakuwa anadanganya, "Pimbi, kule kwangu kuna watoto wanasoma kwa taa hizi. Leo ni mara yao ya kwanza."

"Najua," alisema Pimbi. "Na mimi nina watu hapo chini."

Akawageukia wenzake.

"Fungueni malango."

Malango yakalia, kriii, maji yakanguruma yakitoka. Taa za Tembo zikafifia, zikazima. Taa za Kifaru zikafuata. Watu wakarudi makwao wakipapasa njia.

Kulipopambazuka, Korongo lilikuwa limejaa matope. Pimbi wakashuka wakizama mpaka kiunoni. Hapakuwa na kaburi hata moja lililoonekana. Ukingo wote ulikuwa bapa, rangi moja, kama ukuta uliosiribwa upya. Walizunguka wakibishana kwa sauti ndogo. Mwingine alisema baba yake alilala hapa, mwingine akasema hapana, pale.

Mama mkwe walimkuta mbali, amekwama kwenye mizizi ya ule mti. Pimbi akambeba, akatembea naye kingoni, akasimama mahali, akasogea kidogo, akasimama tena. Akaanza kuchimba.

"Una hakika Sikujua yuko hapa?" mwenzake mmoja aliuliza.

"Sina," alisema Pimbi.

Akaendelea kuchimba, na wenzake wakashika majembe wakamsaidia.

Wanangu, anayemkana jirani yake ili asimhudumie, huikana pamoja naye ardhi anayoikanyaga yeye mwenyewe.