Kona Kumi na Mbili za Sultani Hilali

Hapo zamani, katika mji uliokuwa na wakubwa wengi kuliko visima, alitawala Sultani Hilali, mtu wa kitambi na amri. Akamtaka Shaweji, fundi wa mabomba asiyekuwa hata na kanzu ya pili, avute maji ya chemchemi hadi hamamu ya kifalme. Shaweji akapima njia iliyonyooka. Lakini kila mkubwa alitaka bomba lipinde hadi mlangoni pake, apate kujigamba kwamba maji ya Sultani humpitia yeye kwanza, na Sultani akawaridhia wote. Ikawa kona kumi na mbili.

Siku ya kuoga, maji yakatoka kama machozi ya mnafiki.

"Bwana wangu, fundi huyu ameyaiba," akasema Waziri.

"Si wizi, bwana wangu," Shaweji akajibu. "Kila kona hula nguvu ya maji."

Sultani akanguruma, "Basi leo hii unionyeshe kwa macho kila kona imekula kiasi gani. Ukishindwa, mkono wako utakatwa!"

Shaweji akautazama mkono wake, maana ndio uliokuwa ukimlisha, na hofu ikamshika kwelikweli. Kisha akainama. "Nitaonyesha, ila sharti bwana wangu aliandame bomba mbio toka chemchemini, asiruke kona hata moja, kama maji yenyewe."

Basi Sultani akatoka chemchemini kwa kishindo, akipiga kelele, "Mkono wake ni wangu!" Shaweji akafuata nyuma na kapu. Kwenye kona ya Kadhi, Sultani akajipiga bega ukutani, kiatu kikamtoka. Kwa Mweka Hazina, kilemba kikaruka. Kwa Waziri, joho likanaswa mlangoni, likabaki. Akafika hamamuni na kikoi tu, akihema, na alipotaka kumwita mshika upanga, midomo ilicheza lakini sauti haikutoka.

Shaweji akamwaga kapu miguuni pake. "Kona ya Kadhi, kiatu. Ya Mweka Hazina, kilemba. Ya Waziri, joho. Huyo ndiye mlaji mkubwa. Sauti sikuiokota, bwana wangu, zimegawana zile kona tisa zilizobaki. Ulitoka chemchemini Sultani mzima. Sasa nimkamate nani kwa wizi?"

Watumishi wakaziba vinywa, wasiweze kujizuia. Sultani akajiona katika yale maji machache ya birika la kuogea, aibu ikamjaa, kisha kicheko kikampasuka. Alipopata pumzi akaamuru bomba linyooshwe.

Likanyooshwa, na njia iliyonyooka ikakata katikati ya sebule ya Waziri. Tangu hapo maji ya Sultani yakampitia kwelikweli, kila asubuhi, chini ya kiti chake. Shaweji naye akapewa lile joho, akawa analivaa kila anapokwenda kukagua bomba sebuleni humo.