Jibu la Nuwa kwa Daktari wa Meli

Kwa miaka kumi na tisa Nuwa alipakia masanduku ya watu wengine. Alifanya kazi ya mizigo katika uwanja wa ndege wa Arlanda, nje ya Stockholm, nchini Uswidi. Kila Februari shule za Stockholm zilipofungwa kwa wiki moja, watu waliokimbia baridi walimiminika uwanjani kama siafu, naye aliinamia masanduku yao yaliyokuwa yakienda nchi za joto. Aliyainua kana kwamba yamejaa pamba. Wenzake walimwita Chuma, na jina hilo lilimkaa kama shati lililoshonwa kwa kipimo chake.

Nuwa alikuwa Mganda wa Mbarara, pande la mtu, mwenye kicheko cha kutikisa madirisha. Mkewe, Wilkister, alikuwa Mkenya wa Migori na alifanya kazi katika shule ya chekechea. Kwa kuwa kila mmoja alikuja na lugha ya kwao, nyumba yao pale Märsta, mji ulio jirani na uwanja huo, iliendeshwa kwa Kiswahili. Mungu aliwajalia mabinti wawili: Pearl, wa miaka ishirini, aliyekuwa akisoma chuoni, na Felicia, wa miaka kumi na mitatu, ambaye akiulizwa kwa Kiswahili alijibu kwa Kiswidi mpaka wazazi wake wakazoea.

Mwaka huo Nuwa na Wilkister walikuwa wanatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Baada ya kujinyima kwa muda mrefu, waliamua kwamba safari hii masanduku yatakayopakiwa yatakuwa yao. Wangesafiri familia nzima hadi Marekani, na kutoka huko wangepanda meli ya kitalii na kuzunguka visiwa vya Karibi kwa siku saba.

Ilipokaribia safari, Wilkister aliona alama za buluu kwenye mikono ya mumewe, kubwa kama viganja.

"Baba Pearl, hizi ni nini?" alimuuliza.

"Ni masanduku, mama. Yananipiga kila siku, nami nayapiga."

Alikuwa akimeza kidonge asubuhi na jioni kutoka katika kopo la vitamini. Wilkister alipomtania kwamba Chuma naye ameanza kula dawa, Nuwa alicheka. "Hizi ni za jua. Nchi hii haina jua, lazima tulinunue dukani." Wilkister akacheka pia, na mambo yakaishia hapo.

Meli ilikuwa kama mtaa mzima uliong'olewa na kuwekwa juu ya maji. Ilikuwa na maduka, mabwawa ya kuogelea na vyumba vya kulia visivyohesabika. Siku mbili za kwanza Nuwa alikuwa kama mtoto siku ya Krismasi. Alivaa kaptura ya maua, akacheza na mkewe mbele ya wageni, akawapiga picha binti zake hadi wakamkimbia. Wilkister alimtazama, akahisi kwamba hajawahi kumpenda kiasi hicho.

Asubuhi ya siku ya tatu, meli ikiwa bado imetia nanga katika bandari ya kisiwa kimoja, Nuwa alishuka ngazi zilizolowa maji ya bwawa. Mguu ukateleza. Alianguka kwa ubavu na kichwa chake kikagonga chuma cha kushikilia. Kabla mtu hajamfikia, alikuwa amekwisha simama, anacheka na kujipangusa.

"Twende tukanywe chai," alisema.

"Tutapitia kwa daktari kwanza," alisema Wilkister, naye akamshika mkono kama mtoto wa chekechea.

Daktari wa meli alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole. Alimkalisha Nuwa kitandani, akammulika machoni, akapapasa uvimbe juu ya sikio. Wilkister alisimama kando ya kitanda; Pearl na Felicia walisimama mlangoni.

"Una ugonjwa wowote? Moyo, kisukari, presha?"

"Hapana," alijibu Nuwa.

"Unatumia dawa yoyote, hasa ile ya kuzuia damu isigande? Nauliza kwa sababu kichwa kimegongwa. Mtu anayetumia dawa hiyo anaweza kuvuja damu ndani bila kujua, na ingebidi nimshushe hapa hapa bandarini apelekwe hospitali sasa hivi."

Nuwa alimtazama mkewe. Akawatazama binti zake mlangoni, wamevaa tayari kofia zao za jua. Kisha akatabasamu.

"Hapana, daktari."

"Mume wangu hajui hata ladha ya kidonge cha maumivu," Wilkister aliongeza kwa fahari.

Daktari aliandika alichoambiwa. Aliwaagiza warudi mbio wakiona maumivu makali ya kichwa, kutapika au kuchanganyikiwa. Saa tano meli iling'oa nanga, na baada ya muda kisiwa kikawa mstari mwembamba wa kijani nyuma yao.

Wakati wa chakula cha mchana Nuwa hakula. Alisema jua limemchosha. Alimgeukia Felicia, akaanza kuzungumza naye taratibu, kwa Kinyankole, lugha ya kwao Mbarara ambayo hakuwahi kumfundisha. Felicia alidhani ni mzaha. Akamjibu kwa Kiswidi kwamba haelewi. Nuwa akaendelea, macho yake yamemtazama mtoto kama anayemwomba jambo, maneno yakizidi kuwa mazito, na upande mmoja wa mdomo wake ukaanza kushuka. Uma ulimponyoka. Kisha mtu yule mkubwa akainama polepole juu ya meza, kama mnazi uliokatwa shina.

Walipomfikisha kwenye chumba cha matibabu hakuwa na fahamu. Daktari alimtuma Pearl akalete pasipoti na karatasi za bima. Pearl alikimbia chumbani, akakung'uta mkoba wa baba yake kitandani, na kopo la vitamini likadondoka na kufunguka. Ndani hamkuwa na vitamini. Mlikuwa na vidonge ndani ya karatasi zake za rangi ya fedha, na lebo ya duka la dawa la Stockholm iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na jina la baba yake na tarehe ya mwezi Agosti. Chini yake iliandikwa kwamba ni dawa ya kuzuia damu isigande, kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Pearl aliisoma mara mbili. Hakuichukua pasipoti, alikimbia na kopo.

Daktari alipoiona lebo hakuhitaji kutafsiriwa. Jina la dawa lilikuwa lilelile dunia nzima. Uso wake ulibadilika, akamtazama Wilkister.

"Amekuwa akitumia hizi tangu lini?"

"Hizo si zake," alisema Wilkister. "Zake ni za jua."

"Mama," alisema Pearl, "jina ni lake."

Wilkister aliitwaa lebo. Aliligusa jina la mumewe kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine, kana kwamba huenda likafutika na kumwacha mtu mwingine. Kisha akaketi sakafuni.

"Nilimuuliza asubuhi," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Dawa ya kuipinga hii hatuna melini. Asubuhi tulikuwa bandarini. Hospitali ilikuwa upande wa pili wa barabara."

Meli iligeuzwa. Hata hivyo saa tatu za mwendo haziwi moja kwa sababu ya machozi. Walipofika, madaktari wa kisiwa walijitahidi kadiri ya uwezo wao, lakini damu ilikuwa imekwisha kuujaza ubongo. Nuwa alikata roho kesho yake asubuhi bila kusema neno lingine lililoeleweka na mtu yeyote.

Wilkister na binti zake walirudi Stockholm kabla ya mwili. Theluji ilikuwa bado imetanda Märsta, na jirani aliyewaona wakishuka kwenye teksi aliwauliza kama jua la huko lilikuwa zuri. Wilkister alimwitikia kwa kichwa.

Siku ya nne alikwenda hospitali iliyoandika zile dawa. Daktari wa moyo, mwanamume mwenye nywele za mvi aliyeitwa Samir, alimpokea, akampa pole na kufungua faili.

"Misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa, na mapigo yakawa ya ovyo," alieleza. "Ndiyo maana nilimpa dawa ya damu. Mwezi Januari alipaswa kuwekewa kifaa cha kuulinda moyo. Akaomba tuahirishe mpaka mrudi kutoka likizo."

"Mimi sikuambiwa lolote," alisema Wilkister.

Daktari aliinua uso. "Aliniambia familia yote inajua. Aliniambia wewe ndiye unayemkumbusha dawa kila asubuhi."

Robo karne Wilkister alilala kitanda kimoja na mtu huyu, akijua anavyokoroma na upande anaopenda wa mto, kumbe kulikuwa na mwanamke mwingine wa kubuni, mwenye jina lake, aliyekuwa akiambiwa kweli. Alitaka kumkasirikia Nuwa, akakuta hasira haina mtu wa kumwendea.

"Kuna jambo jingine," daktari aliendelea. "Ugonjwa huu hurithiwa. Nilimwomba awalete watoto wapimwe. Aliahidi kuwaleta."

Treni ya kurudi Märsta ilikuwa na watu tele, lakini Wilkister hakumwona hata mmoja. Alipofika nyumbani aliwaita mabinti, akawakalisha mezani kabla ya kuvua koti.

"Nawauliza swali moja," alisema. "Sitaki jibu la kunifurahisha. Kuna yeyote kati yenu aliyewahi kusikia moyo wake unakwenda vibaya?"

Pearl alitikisa kichwa. Felicia alikuwa akivuta uzi wa mkono wa sweta yake, akauvuta hata ukakatika. Kisha akajibu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alijibu kwa Kiswahili.

"Mimi, mama. Nikikimbia shuleni, moyo unaruka kama unataka kutoka. Mara mbili nilianguka kwenye chumba cha kubadilishia nguo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

Felicia alianza kulia. "Nilimwambia baba. Akasema nisikutie wasiwasi kabla ya safari. Akasema tukirudi tutakwenda kwa daktari wote wawili, mimi na yeye. Mimi nilidhani atanisindikiza tu."

Pearl alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Wilkister, ambaye alikuwa akidhani kwamba hakuna tena jambo duniani litakaloweza kumshtua, alimvuta Felicia kifuani. Alinyanyua simu palepale, akampigia daktari Samir.

Felicia alipimwa kabla ya juma hilo kwisha. Alikuwa na ugonjwa uleule wa baba yake, ila ulikuwa bado mchanga. Alipewa dawa, akakatazwa mbio za mashindano, na baadaye akawekewa kile kifaa ambacho baba yake alikiahirisha. Daktari alimwambia Wilkister kwamba kwa uangalizi huo binti yake anaweza kuishi hadi awe bibi. Akaongeza kwamba hata baba angeweza.

Mwili wa Nuwa ulifika mwezi Machi, ukipitia uwanja uleule alioufanyia kazi. Wenzake wa mizigo waliomba ruhusa wakaushusha wenyewe. Kwenye ibada ya mazishi kanisa lilijaa Waganda, Wakenya na Wakongo waliotoka hata Hallunda, upande wa pili wa jiji. Kiptoo, Mkenya aliyefanya kazi bega kwa bega na Nuwa tangu siku ya kwanza, alisimama kusoma wasifu. Alisoma kwamba Chuma hakuwahi kukosa kazi, hakuwahi kulalamika, na kwamba kifo cha ghafla kimewapokonya mtu mwenye afya ya ndovu.

Wilkister alisimama kabla hajamaliza.

"Shemeji, unisamehe," alisema. "Mume wangu hakufa ghafla. Alikuwa mgonjwa tangu Agosti na alijua. Daktari alimuuliza mbele yangu, akasema hapana. Alisema hapana kwa sababu watoto walikuwa tayari wamevaa kofia za jua na hakutaka kutuharibia siku. Alitupenda, silipingi hilo. Lakini mtoto huyu hapa angemfuata, kwa siri hiyo hiyo."

Mchungaji aliangalia chini. Kiptoo alibaki ameshika karatasi yake, asijue aendelee kuisoma au aikunje, na mwishowe aliikunja, akarudi kuketi kando ya mkewe, Maryanne.

"Kuna barua yangu ya hospitali kwenye gari," alimwambia kwa sauti iliyosikika hata viti vya nyuma. "Iko pale tangu Novemba."

Maryanne alimgeukia taratibu, akamtazama mumewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Nipe funguo za gari," alisema.

Nuwa alizikwa siku hiyo na nguvu zake zote. Aliwaficha mke, watoto na rafiki, akamficha hata daktari aliyekuwa amempapasa kichwa, lakini kuna mmoja ambaye hakuweza kumficha. Hakika, mficha maradhi, kifo humuumbua.