Kibuyu Chenye Picha ya Nyuki

Nianze, nisianze?

— Anza, masikio tumeyatega!

Hapo zamani za kale, wanyama wakisema kama sisi, palikuwa na Bi Kanga. Mumewe alikwishatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Alibaki na kinda mmoja tu, na kinda yule alikohoa, akakohoa, akakohoa.

Majirani wakamwambia, "Mlambishe asali, dada."

Bi Kanga akaenda dukani kwa Fisi. Duka lile Fisi aliliita Kampuni. Kila kibuyu kilichorwa nyuki, na chini yake pameandikwa: ASALI TUPU. Bi Kanga akatoa kunde zake zote za akiba, akapewa kibuyu kimoja.

Siku ya kwanza kinda akalamba, akakohoa. Siku ya pili akalamba, akakohoa. Siku ya tatu akasema, "Mama, hii ni sukari guru."

Bi Kanga akamshtaki Fisi kwa Hakimu Kifaru.

Kifaru macho yake hayaoni mbali wala karibu, lakini pua yake, ehe! "Maandishi siyaoni," akasema. "Leteni ninuse." Akanusa. "Hapa nyuki hajapita hata kwa kupotea njia!"

Wanyama wakaangua kicheko. Nyuki naye akasema, "Mheshimiwa, sura ni yangu hasa. Lakini asali sikumpa hata tone."

Fisi akasema, "Aliyechora ni Kasuku!"

"Nilichora ulichoniagiza, bwana," akajibu Kasuku.

"Aliyeuza ni Ngedere!"

"Niliuza ulichopika, bwana," akajibu Ngedere.

"Basi kosa ni la Kampuni! Mimi ni Fisi tu. Ishtakini Kampuni!"

Kifaru akaita, "Kampuni!" Kimya. "Kampuni!" Kimya. "Kampuni!" Kimya.

"Imekataa kuja," akasema Kifaru. "Basi tutaifilisi. Nyama zote ilizonunua kwa faida, zilizomo ghalani mwake, wagawiwe waliodanganywa."

Fisi akaruka juu. "Msiguse nyama zangu!"

"Zako?" Kifaru akauliza taratibu. "Si za Kampuni?"

Fisi akafumba mdomo, lakini neno lilikwishatoka.

"Kampuni ikila, tumbo linalojaa ni lako," akasema Kifaru. "Basi ikikosea, mgongo utakaobeba ni wako."

Fisi akarudisha kunde za watu. Kisha akabebeshwa mzinga mzima, nyuki wamo ndani, mpaka nyumbani kwa Bi Kanga. Wanyama wakamfuata wakiimba, "Kampuni, tembea! Kampuni, usichoke!" Ndiyo maana mgongo wa Fisi umeshuka nyuma hadi leo.

Kinda akalamba asali ya kweli. Alhamdulillahi, kikohozi kikakoma, na Bi Kanga akalala usingizi.

Wanangu, msiandike juu ya kibuyu kitu kisichokuwamo ndani. Anayekula faida ndiye abebaye kosa, na kwa Mungu hakuna pa kujificha.

Ngano yangu imefika ukingoni. Utamu wake gawaneni. Ukibaki uchungu, niachieni mimi.