Kipimo Kilichowaruka Wawili

Kipimo kikimruka mkubwa, humwangukia mgonjwa.

Methali hii ilianza hivi. Lakini kwanza niwajibu ninyi mlioisikia juzi kwenye kikao cha trekta la kijiji mkaja kuniuliza. Wewe binti wa Elinaike umesema ingependeza zaidi kama tungesema "humwangukia mnyonge". Nakubali, ingependeza. Ila siku ile hapakuwa na mnyonge. Palikuwa na mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe alikuwa Namkunda, mke wangu. Kuna methali zilizotungwa na watu waliokaa wakafikiri. Hii ilimtoka mtu mdomoni, matangani, nami nimekaa hatua tatu kutoka kwake.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Kazi yangu kwa miaka ishirini na sita ilikuwa kugawa maji. Ninyi mmekuta mabomba, lakini huku kwetu milimani kilichotulisha ni ndiva, lile bwawa la juu walilochimba babu zetu, na mifereji yake. Nilikuwa na kijiti chenye alama za kisu. Nakitumbukiza kwenye mfereji wa mtu, maji yakigusa alama ya pili, basi, naziba kwa udongo na majani ya mgomba. Na desturi ilikuwa moja, haipindishwi: mgawa maji huanza kwake. Anapima mfereji wa shamba lake kwanza, watu wamesimama wanaona, ndipo aende kwa wenzake. Mgawa maji aliyeanza kwa jirani alizomewa hadi akaacha kazi.

Basi, mwaka ule watu wa mradi wakatuletea mtandao. Walifunga mnara mdogo pale kilimani, na ndani ya ofisi ya kijiji wakaweka sanduku jeusi wanaloliita seva. Shabaha yao ilikuwa zahanati. Tabibu wetu, Bi Nampombe, alipewa mashine ya kupiga picha ya moyo, picha inayotembea, unaona kabisa moyo unavyopwita. Picha hiyo inapita kwenye seva, inakwenda hospitali ya wilaya, daktari bingwa anaitazama, anasema toa dawa hii au ile. Na kwa kuwa mambo ya mgonjwa ni siri, haikupita njia ya watu wote. Ilipita njia ya ndani kwa ndani, wenyewe wanaiita VPN, kama bomba lililofukiwa ardhini: aliye juu haoni kinachopita.

Wangeishia hapo tungewashukuru. Lakini viongozi mnawajua. Mwenyekiti Senkoro akasema kitu kizuri hivyo hakiwezi kuwa cha wagonjwa peke yao. Funguo za kuingilia zikagawiwa: ofisi, shule, chama cha tangawizi, na nyumba zilizokuwa na simu za kisasa. Pamoja na wa zahanati, funguo arobaini na moja.

Fundi wa mradi, kijana wa Usangi anayeitwa Eliapenda, akaita mkutano akatueleza. Alikuwa na heshima, hakutusemesha kama wajinga.

"Wazee wangu, upana wa njia hii ni mmoja tu," alisema. "Kila mwenye ufunguo ni kama mfereji unaotoka kwenye bwawa moja. Nikiacha hivi hivi, mwenye pupa mmoja atavuta wote, wengine mtabaki mnatazama kiduara kinazunguka. Lakini naweza kumwekea kila ufunguo kikomo chake. Akifika hapo, basi."

Watu walikodoa macho. Mimi nikacheka. Nikasema, "Kijana, hiyo ni ndiva. Umetuletea ndiva isiyo na maji."

Mkutano mzima ukacheka, na pale pale wakanichagua niwe mzee wa mtandao. Mtu asiyejua kufungua kompyuta! Lakini kugawa nilijua, na hilo ndilo walilolitaka.

Tulikutana ofisini watu watatu, mwenyekiti, fundi na mimi. Fundi akasoma vikomo: zahanati hivi, shule hivi, kila nyumba hivi. Ilikuwa haki, sikuona kasoro. Alipofika ofisi ya kijiji, Senkoro akainua mkono.

"Hapo ruka."

"Niruke vipi, Mwenyekiti?"

"Ofisi iache wazi. Mimi napokea wageni wa halmashauri. Nikiongea na mkurugenzi sura ikakwama mdomo wazi, ni aibu ya nani? Ni ya kijiji."

Fundi akakuna kichwa. "Mwenyekiti, aliye wazi hana mpaka. Hata wengine wakijipunguza vipi, yeye anaweza kuvuta mpaka tope la chini."

"Kwani mimi nina pupa?"

Nikasema, "Senkoro, kwenye maji hatukufanya hivyo."

Akanigeukia, akatabasamu. Lile tabasamu lake, kura zote alizipata kwa lile. "Baba Nakijwa, mtandao si maji. Halafu wewe binti yako si yuko Mtwara? Na mjukuu hujamshika bado. Fundi, na simu ya mzee iache wazi. Mzee wa mtandao hawezi kumwona mjukuu wake vipande vipande."

Mnaningoja niseme nilikataa. Sikukataa. Nilisema, "Haya, kama ni hivyo," nikatazama dirishani. Fundi akaandika vikomo thelathini na tisa.

Jioni nilimwonyesha Namkunda mjukuu wetu kwenye simu, sura safi kama yuko mlangoni. Alifurahi mpaka akafuta macho kwa khanga. Kisha akauliza, "Mbona hapo jirani kwa mama Eliasante inakwamakwama?"

Nikamweleza. Namkunda alikuwa mtu wa maneno machache. Alikwenda akageuza kande jikoni, akarudi.

"Kijiti chako umekiweka wapi siku hizi?" akauliza.

"Kipo darini."

"Haya."

Akarudi jikoni.

Miezi miwili ikapita. Viongozi wakaona mradi hauwezi kuisha bila sherehe. Wakaandaa uzinduzi. Turubai, viti vya plastiki, ngoma, mgeni rasmi kutoka wilayani. Na Senkoro akataka sherehe yenyewe irushwe mbashara, kwa kamera mbili, picha kubwa kabisa, ili watoto wa kijiji walioko mijini na nchi za nje waone tulivyoendelea. Mnanielewa? Mtandao waliuzindua kwa kuumaliza.

Asubuhi ile Namkunda aliniambia kifua kinambana. Alikuwa ameketi kitandani, mkono mmoja ameuegemeza ukutani. Mimi nilikuwa navaa koti.

"Pita zahanati," nikamwambia. "Picha inafika hospitali papo hapo. Ndiyo kazi ya mtandao."

"Hutanisindikiza?"

"Nimepangiwa kiti cha mbele, mama Nakijwa. Nikikosa wataongea. Nakuja mara moja baada ya hotuba."

Akaondoka na mama Eliasante. Walishuka polepole, nikawaona mpaka kwenye kona ya mibuni.

Nikakaa kiti cha mbele. Binti yangu akapiga kutoka Mtwara, anataka kuona sherehe. Nikainua simu juu kwa mikono miwili kama mtu anayeshika Kitabu, nikamwonyesha ngoma, nikamwonyesha mgeni rasmi, nikamwonyesha Senkoro na suti yake. "Baba, picha safi sana!" akawa anasema. "Mama yuko wapi?" Nikamwambia amepita zahanati kidogo, anakuja.

Mgeni rasmi hajamaliza salamu, nikamwona Tabibu Nampombe anakuja mbio, koti jeupe halijafungwa vifungo. Hakupita nyuma. Alikata katikati ya ngoma.

"Fundi, picha haiendi!" akasema. "Nimeirusha mara tatu. Inafika nusu, inakatika. Nimempigia daktari, anasema hawezi kutibu moyo kwa kusimuliwa, mpaka aone. Dawa ninazo mbili kabatini. Moja itamponya, nyingine itamuua, na sijui ipi ni ipi kwa moyo ule."

Eliapenda akafungua kompyuta yake mapajani. Nilikuwa nyuma ya bega lake. Akasema bila kuinua kichwa, "Wako wawili wamevuta njia yote. Ofisi, kwa zile kamera. Na huyu..." Akanitazama mimi, akaitazama simu iliyokuwa mikononi mwangu, bado imeinuliwa.

"Mzee Kirumbe," akasema taratibu, "zima."

Nilizima. Binti yangu alikuwa katikati ya neno.

"Imesogea," akasema fundi. "Lakini haitoshi. Kamera ndizo zinazokula. Mwenyekiti, niruhusu niiwekee ofisi kikomo. Ni kubofya mara moja."

Senkoro akainama, sauti ya chini, meno yakionekana kwa ajili ya kamera. "Mgeni rasmi ndiyo kwanza ameshika kipaza sauti. Dakika kumi, Tabibu. Dakika kumi hazijawahi kumuua mtu."

"Mwenyekiti, ni mke wa mzee huyu!"

"Nani kasema hatutamtibu? Dakika kumi."

Tabibu akanigeukia mimi. Fundi akanigeukia. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, na mimi ndiye nilikuwa mzee wa mtandao. Neno langu moja lingetosha. Na nililitafuta neno hilo, wallahi nililitafuta. Ningemwambia nini Senkoro? Kwamba hakuna mtu wa kuachwa wazi? Angeniuliza mbele ya mgeni rasmi na ya kijiji kizima, je, wewe? Mgawa maji aliyejiruka hana mdomo. Nilisimama pale na simu yangu iliyozimwa.

Tabibu akageuka akakimbia, nami nikamfuata hadi zahanati. Namkunda alikuwa amelala upande, mama Eliasante anampepea kwa kifuniko cha boksi la dawa. Akaniona.

"Hotuba imekwisha?" akauliza.

"Bado."

"Sasa mbona umekuja?"

Hakusema kwa ubaya. Alidhani kweli nimeiacha sherehe ya watu. Nikamshika mkono. Kwenye mashine palikuwa na mstari wa kijani wa kuonyesha picha imefika wapi, unatambaa, unatambaa, unasimama, unatambaa. Huko nje watu wakapiga makofi, na makofi yalipokoma tu kamera zikazimwa, mstari ukaruka ukafika mwisho. Daktari alipiga simu baada ya hapo kidogo sana. Tabibu aliweka sauti ya nje. "Mpe ile ya kwanza, mpe sasa hivi!" Tabibu alikuwa ameshamfumba Namkunda macho.

Siku ya tatu ya matanga Senkoro alikuja na viongozi wenzake, na blanketi, na rambirambi. Akasema ni kazi ya Mungu. Akasema mtandao ulizidiwa, mitambo ndivyo ilivyo, na mradi utaandikiwa barua. Nikaona watu wanaitikia kwa vichwa. Huo ndio ugonjwa wetu, kuitikia.

Tabibu Nampombe alikuwa amekaa kwenye mkeka na akina mama. Hakusimama hata.

"Haukuzidiwa," alisema. "Vipimo viliwekwa thelathini na tisa, funguo ni arobaini na moja. Wakubwa wawili mlikiruka kipimo. Mlidhani kimekwenda wapi? Kipimo kikimruka mkubwa hakipotei. Kinamwangukia mgonjwa."

Hakumtazama Senkoro peke yake. Alitutazama wawili.

Kesho yake, kisimani, kina mama walipokuwa wanagombea foleni, mmoja akalisema lile neno, likafupishwa, likaenda. Sasa mnalisema kwenye trekta, kwenye mbolea, kwenye kila kitu.

Mnauliza Senkoro alifanywa nini. Ni diwani. Alipandishwa mwaka uliofuata, na suti aliongeza. Nimemlaumu miaka yote hii na sitaacha kumlaumu. Na wa mradi waliofunga macho, na wa halmashauri waliotaka kuonekana kwenye picha. Wangekuwa watu, mke wangu angekuwa hapa anawamiminia uji. Lakini nikimaliza kuwataja wote, bado lipo jina moja kwenye ile orodha ya fundi, na ni langu.

Eliapenda alirudi baada ya arobaini. Zahanati aliitengea upana wake, haugusiki na mtu. Wengine wote akawawekea kikomo, na safari hii nilimwambia aanzie kwangu, mlango wazi, watu wamesimama wanaona. Ofisi ikafuata, Senkoro amenuna. Kijiti changu nilikishusha darini nikakiegemeza kando ya lile sanduku jeusi. Kipo hadi leo, kitazameni.

Binti yangu hupiga kila Jumapili. Sura yake hukwama, mdomo wazi, katikati ya neno, kama siku ile. Mjukuu naye namwona vipande vipande. Vijana huniambia, mzee, muombe fundi akuongezee kidogo, wewe umefiwa, nani atakukatalia?

Naiacha ikwame. Kipimo kikimruka mkubwa, humwangukia mgonjwa.