Jiwe la Orva

Haya wajukuu, mmekaa? Tumekaa! Masikio mmekuja nayo? Tumekuja nayo! Basi yatumieni.

Zamani hizo, chuma hakijajulikana, katika visiwa vya baridi kaskazini mwa Ulaya, watu walilala kwenye vibanda vya nyasi, lakini wafu wao waliwajengea nyumba za mawe. Jiwe juu ya jiwe, jiwe juu ya jiwe, bila chokaa, kila moja limetokeza kidogo kupita la chini yake, mpaka paa linafunga juu. Mifupa ya marehemu wote iliwekwa humo, ikachanganywa. Na mara moja kwa mwaka, jua la majira ya baridi lilipopenya mlangoni, watu walitambaa ndani, kila mmoja akapakata mfupa na kuzungumza nao. Wa nani? Hakuna aliyejua. Ni wa kwetu, walisema, inatosha.

Orva alikuwa mwashi. Binti yake Lini alizaliwa na mguu uliopinda, na wifi yake, Keda, hakuchunga mdomo.

"Wifi, huyu wako hata kuzimu atafika amechelewa!"

Watu wakacheka. Lini naye akacheka, kidogo.

Homa ikamuua Lini, ikabaki mifupa. Wakati huo Orva alikuwa anajenga nyumba mpya ya wafu. Akaitia mifupa ya mwanawe katika uwazi wa ukuta, peke yake, akauziba kwa jiwe.

"Unafanya nini?" Keda akauliza.

"Namficha, asichekwe tena."

"Wifi, nilikuwa natania."

"Nami najenga."

Jiwe juu ya jiwe, jiwe juu ya jiwe, mpaka paa likafunga.

Jua likaja. Wenzake wakapakata mifupa, wakanong'ona nayo. Orva akapakata magoti yake. Mwaka wa pili, magoti. Mwaka wa tatu akalishika lile jiwe, akalitikisa. Vumbi likamwagika kutoka juu.

"Liache!" Keda akamkamata mkono. "Si wewe uliyejenga? Ukilitoa hilo, paa lote linashuka!"

Orva alijua. Jiwe lile ndilo lililobeba mengine.

"Katika mifupa yote hii," akasema, "ni mmoja tu ambao ungejulikana ni wa nani. Ule uliopinda. Ningeutambua hata gizani."

Keda akamwachia mkono. Akakaa kando yake, mgongo ukutani. Kila mwaka walikaa hivyo, wifi na wifi, mpaka wakafa, mifupa yao ikachanganywa. Lini bado yuko ukutani.

Basi wajukuu, ukiwa na hasira, usifunge kitu ambacho kesho hutaweza kukifungua. Na wewe unayependa kutania, mtazame kwanza unayemtania.

Kisa nimekifunga. Hiki changu kinafunguka. Anayekitaka na akichukue.