Gari la Mbio la Kifaru na Kadi Iliyokuwa Njiani

Hapo zamani za kale, kale ile ya kabla babu wa babu yenu hajaota jino, wanyama walikuwa na nyumba, na mashamba, na harusi, na ndiyo, walikuwa na magari. Nani amecheka? Njoo ukae hapa mbele yangu. Hadithi hii ina cheko dogo tu, na liko mwanzoni.

Basi alikuwapo Kifaru. Nguvu alikuwa nazo tele, lakini macho, jamani! Kitu cha hatua kumi alikiona kama moshi. Akitembea, lazima asimame anuse njia. Hatua moja, fnnn. Hatua nyingine, fnnn. Akialikwa shughuli anafika sahani zimeshaoshwa. Majirani wakambandika jina, Bwana Mwisho.

"Bwana Mwisho huyooo! Mtengeeni ukoko!"

Naye hucheka pamoja nao, he he he, kisha akirudi nyumbani hali wala hasemi. Maana Kifaru alipenda wenzake. Alichokitaka duniani ni kimoja tu: aingie shughulini mapema, akae mbele, awe na jirani kuliani kwake na jirani kushotoni kwake. Lishikeni hilo.

Jumatatu moja asubuhi, wakati wa vuli, akasikia nje ya nyumba yake: vuuum! Vuuu-uuum!

"Hodi, kaka Kifaru!"

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Nguchiro. Usinitafute chini, leo nimo ndani ya gari."

Nguchiro mnamjua. Kimnyama kirefu kama soksi, miguu mifupi, macho hayatulii.

"Gari gani linanguruma hivyo?" Kifaru akauliza, pua tayari iko kwenye boneti.

"La mbio, kaka! Lilikuwa la Duma. Alipohama masika yaliyopita aliniachia mimi. Nimelificha bandani muda wote, sipendi kujionyesha. Halina paa, utakaa humu na pembe yako ipigwe upepo. Nakuuzia kwa magunia kumi ya mtama."

"Mtama tu?"

"Nina watoto, kaka. Gari halipikiki."

Bi Kifaru akatoka jikoni, anajifuta mikono. Huyu mama macho yake yalikuwa mazima. Akalizunguka gari mara moja, akalizunguka mara ya pili.

"Mbona taa hii ya mbele imevunjika?"

"Kokoto, shemeji. Barabara zetu si unazijua?"

"Na rangi ya hapa mbele bado inanuka."

"Nimelipamba kidogo. Nikuletee kitu kichafu?"

"Kadi ya gari iko wapi?"

Nguchiro akakohoa. "Kadi iko njiani, shemeji. Nilipeleka maombi ofisini tangu masika, litolewe jina la Duma. Kobe anayashughulikia."

"Kobe yule?"

"Kobe yule yule."

"Basi tungoje Kobe amalize. Au kesho niende nikamuulize."

Hapo ndevu za Nguchiro zilitetemeka, tetete. Bi Kifaru aliziona. Mumewe hakuziona, angeziona kwa macho gani?

Nguchiro akaruka juu ya bega la Kifaru, akamnong'oneza sikioni: "Kaka, Jumamosi ni harusi ya binti wa Nyati. Ukingoja kadi, utakwenda kwa miguu. Na nisikilize. Wakikuuliza, usiseme umelinunua juzi kwa Nguchiro. Watasema, Bwana Mwisho hata gari amepata la mwisho! Sema Duma alikuachia wewe, mkononi, tangu masika. Uone kama kuna atakayekuita jina lile tena."

Kifaru akahisi moyo wake unafunguka. Alikwisha kujiona mbele, katikati, sahani bado ina nyama.

"Na maandishi ya kuuziana?" Bi Kifaru akauliza.

"Tutaandika kadi ikitoka, shemeji. Tutaandika nini kwenye kitu chenye jina la Duma?"

"Mume wangu, niache niende kwa Kobe. Ni kuuliza tu."

"Ukaniaibishe?" Kifaru akafoka. "Dunia nzima ijue nimenunua gari kuukuu kwa mtama? Huendi!"

Bi Kifaru akarudi jikoni. Magunia kumi yakatolewa ghalani, Nguchiro akaita punda wa kubeba, akatoweka nayo.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, maana kuna jambo Kifaru alikuwa amelisahau, na hakupaswa kulisahau. Katikati ya mwaka, wakati wa kipupwe, pale kivukoni karibu na malisho, gari lilipita mbio, vuuum, paa! Likamgonga mtoto wa Mama Swala, Tunu, aliyekuwa amekwenda kuchuma majani. Likamwacha amekufa, likakimbia. Aliyefika kwanza aliona vumbi. Mama Swala aliokota kipande cha kioo cha taa, cha manjano, akakifunga kwenye pindo la khanga yake. Tangu siku hiyo khanga ile hakuivua.

Jumamosi ikafika. Bi Kifaru alikaa kando ya mumewe akimwongoza, "Kulia! Kushoto! Polepole, kuna Kanga na watoto wake!" Wakaingia kwa Nyati hata mikeka haijatandikwa. Honi ikalia, piii! Wanyama wakakusanyika.

"Lo! Ni Kifaru!"

"Si gari la Duma hili?"

"Lilikuwa lake," Kifaru akajibu, kifua mbele. "Aliniachia mimi alipohama. Tangu masika ninalo."

"Tangu masika! Na hukusema?"

"Mimi si mtu wa kujionyesha," akasema, na maneno yale yalimkolea mdomoni kama halua. Akakalishwa mbele. Kuliani kwake Pundamilia, kushotoni kwake Twiga. Hakuna aliyesema Bwana Mwisho. Siku ile Kifaru alikuwa na furaha, nawaambia kweli, na ndiyo siku yake ya mwisho ya furaha.

Mama Swala alikuja kuchelewa, kwa sababu wenye msiba huja hivyo. Akapita kando ya gari. Akasimama. Akafungua pindo la khanga, akatoa kile kipande, akakiweka kwenye taa iliyovunjika. Kikaingia. Tak.

Ngoma ikanyamaza.

"Gari la nani hili?" Mama Swala akauliza, hata sauti hakuipandisha.

Wote walimgeukia Kifaru. Pundamilia akasogea kidogo kuliani. Twiga akasogea kidogo kushotoni.

Hapo hapo wakamwita Tembo, hakimu wao. "Kifaru, ulisema gari hili unalo tangu lini?"

"Mheshimiwa, nimelinunua Jumatatu hii. Kwa Nguchiro!"

"Ulisema tangu masika. Nimesikia mimi mwenyewe, na masikio yangu si madogo."

"Nilisema uongo, mheshimiwa!"

"Uongo umeusema lini?" Tembo akauliza. "Saa ile au saa hii?"

Kifaru akanusa huku na huku, akaelekeza pembe kwa Nguchiro.

Nguchiro akasukumwa mbele. Akainua miguu yake mifupi watu waione. "Gari, mimi? Jamani, mguu huu utafika kwenye breki? Kama ni langu, ionyesheni kadi yenye jina langu. Yaonyesheni maandishi ya kuuziana."

"Maandishi unayo, Kifaru?"

"Alisema tutaandika kadi ikitoka."

"Ulizeni ofisini!" Bi Kifaru akapaza sauti. "Muulizeni Kobe ni nani aliyeomba kadi!"

Kobe alikuwapo, anatafuna mchicha. Akameza kwanza. "Faili liko chini ya rundo," akasema. "Nitalifikia. Si leo, si mwezi huu."

"Nguchiro tumpe magunia kumi ya mtama halafu mumwache? Nendeni kwake muone!" Bi Kifaru akalia.

Hapo Mama Swala akamgeukia. "Magunia kumi? Nguchiro kaniletea mimi magunia kumi Jumanne. Akasema, pole mama, walishe hawa waliobaki. Katika nchi hii nzima ni yeye peke yake aliyenijia na kitu mkononi."

"Ndiyo hayo hayo! Ni mtama wetu!"

"Mwanangu mmemwua," Mama Swala akasema, "na sasa mnataka kuwapokonya wenzake chakula mdomoni?"

Na Nguchiro ameinamisha kichwa, anajifuta machozi kwa mkia. Nguchiro!

"Na macho yale," Nyati akanong'ona, "kumgonga mtoto si ajabu."

Tembo akahukumu. "Kifaru, utavuka mto leo. Utakaa ng'ambo peke yako. Mkeo hatakufuata, wala hakuna atakayekaa kuliani kwako au kushotoni kwako, mpaka ufe."

Akaondoka kwa miguu. Hatua moja, fnnn. Hatua nyingine, fnnn. Safari hii hakuna aliyemcheka.

Bi Kifaru hakubaki kitandani akilia. Kila kulipokucha alikwenda kukaa kwenye mlango wa Kobe. Jua likawaka, mvua ikanyesha, yupo.

"Imefika wapi?"

"Rundo linapungua."

Mpaka masika mengine yakaingia. Ndipo asubuhi moja Kobe akatoa kichwa dirishani na kadi mkononi. Bi Kifaru akaisoma. Mwenye gari: Nguchiro. Tarehe ya kukabidhiwa: masika ya mwaka uliopita. Kati ya maneno yote ya Nguchiro, hili lilikuwa la kweli. Kadi ilikuwa njiani, ina jina lake, na ndiyo maana alitaka kulitupa gari kabla haijafika.

Mama huyo alikimbia! Tembo akaisoma kadi, akaisoma tena, masikio yakalegea, akaifuta hukumu. Wakaenda kwa Nguchiro, wakakuta shimo. Hata leo akisikia hatua za mtu, chwii, amezama ardhini. Mama Swala alirudi kwake, akatoa gunia la mwisho lililobaki, akaumwaga mtama wote mtoni.

Bi Kifaru akavuka mto. Akatafuta siku tatu, akamkuta mumewe kwenye vichaka vya miiba, amekonda, anapigana na kivuli chake.

"Mume wangu!" akaita kwa furaha, anapunga karatasi juu. "Mume wangu, kadi imetoka!"

Kifaru akainua kichwa. Macho yake yaliona moshi, na ndani ya moshi kitu kinapepea. Masikio yake yalisikia neno moja tu, lile lile lililommaliza. Kadi.

Akainamisha pembe. Akaja.

Bi Kifaru aliruka pembeni, karatasi ikaanguka, miguu ile mizito ikapita juu yake, du du du du, ikaididimiza kwenye tope. Kifaru hakusimama. Alikwenda moja kwa moja, mpaka vichaka vikamfunika, na hadi leo ukimwita kwa wema au kwa ubaya anakujia kwa pembe.

Mama wa watu alivuka mto kurudi, peke yake. Haya, funga mlango huo, baridi inaingia.

Na kwenu nyie nasema hivi: usikubali kuitwa mwenye kitu kabla hujajua kilitoka kwa nani na kilifanya nini.